Kumbe jicho halikuwa na kosa, ni pua

Wale mnaonifuata kwa ajili ya mishono mtanisamehe, leo hakuna picha ya dera wala gauni la sendofu. Watu wengi wameniuliza nilipotelea wapi miezi ile yote, na mbona kwenye picha zangu za zamani jicho la kushoto limekaa kama linataka kuondoka lenyewe, nimejibu inboksi mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, sasa naandika hapa mara moja yaishe.

Mi nina mafua toka naijua dunia. Na sisemi mafua ya kupiga chafya mbili ukanywa chai ya tangawizi yakaondoka, nasema pua imeziba mwaka mzima, kiangazi na masika, usiku nalala mdomo wazi kama samaki wa soko la Deep Sea waliopangwa mezani. Jirani anapika biriani mtaa mzima unameza mate mi sina habari, naambiwa tu "leo kwa mama fulani kunanukia". Kwa kazi yangu nikaona haina neno, pua haishoni. Nina cherehani yangu hapa Ngamiani, Tanga, vumbi la vitambaa kutwa nzima, nikajua tu ndo aleji ya kazi, kila fundi ana yake, mwingine mgongo mwingine miguu mi pua.

Nimekunywa amoksilini jamani mpaka muuza duka la dawa akiniona naingia mlangoni anaanza kuvuta droo kabla sijasema shikamoo. Matone ya puani ya kuzibua nayo nimeyatumia miaka, unaweka leo unapumua saa mbili halafu inaziba vibaya kuliko ilivyokuwa. Mwaka 2020 watu walipokuwa wanapiga nyungu mi nilishakuwa mtaalamu zamani, mwarobaini, michaichai, majani ya mkaratusi, nimefunikwa blanketi najitokea jasho, inafunguka nusu saa basi. Kuna daktari mmoja miaka ya nyuma alinimulika na tochi akasema una nyama za puani zimekaa kama zabibu, zinatakiwa kutolewa. Nikasikia neno kutolewa, nikachukua pochi yangu, nikarudi nyumbani.

Kipandauso nacho kilikuwepo, hapa juu ya nyusi na katikati ya macho, hasa ukiinama. Na fundi cherehani kazi yake nini kama sio kuinama.

Sasa Desemba ya mwaka juzi, mnaojua wanajua, Desemba na Januari kwa fundi ndo mavuno, sare za shule. Nina sketi arobaini na kitu zinanisubiri, naenda kutunga uzi kwenye sindano naona sindano mbili. Nikapikicha macho, mbili. Napeleka uzi kwenye ile ya kulia, hewa tupu, napeleka kwenye ya kushoto unapita pembeni. Nikamwita binti yangu wa darasa la sita akanitungia, akacheka, akasema mama umezeeka. Nikacheka na mimi. Nina miaka arobaini na moja wakati huo, kila mtu akaniambia ni macho ya umri, nenda kachukue miwani ya kusomea, nikaenda kwa mtu wa miwani akanipima akanipa, nikavaa, nikaona sindano mbili tena safari hii kubwa kubwa.

Kuna kitu nilikigundua mwenyewe lakini sikujua maana yake, ndo maana nakiandika hapa. Nikifumba jicho moja, lolote lile, sindano inabaki moja. Nikifumbua yote mawili zinarudi mbili. Baadae ndo nikaja kuelezwa kwamba hiyo ni alama kubwa sana, ukiona mbili mbili na ukifumba jicho moja ikaisha, maana yake macho yako hayatazami sehemu moja, kuna kitu kimeliyumbisha moja, na hapo sio suala la miwani ya kusomea hata kidogo. Mi nilichofanya nikawa natunga uzi na jicho moja kama mwindaji, kazi zikaenda.

Halafu ikaja ile kisutu.

Mteja wangu mmoja, mama mtu mzima, kaleta doti ya kisutu nimkunjie pindo maana ana shughuli ya binti yake. Kisutu mnaijua, nyekundu nyeusi na nyeupe, nyekundu yake ile ya kisawasawa ya harusi za huku pwani. Nimeinamisha kichwa naiangalia kwa jicho la kushoto maana ndo lililokuwa wazi muda ule, nikamwambia mama hii kanga imechuja. Akanitazama. "Imechuja wapi, imetoka dukani asubuhi hii, shika, ina gundi bado." Nikaishika, kweli inakwaruza, ina gundi. Nikasema basi wamekuuzia ya zamani, iliyokaa dirishani juani. Mama wa watu akanuna, akaanza kuikunja aondoke nayo, na mi katika kuivuta irudi nikabadilisha jicho.

Nyekundu ikarudi. Nyekundu ya damu.

Nikafumba la kulia nikafumbua la kushoto, ikawa rangi ya tofali la zamani lililonyeshewa. Nikarudia mara tatu, mara nne, mteja anadhani nimechanganyikiwa. Nikakaa chini kwenye kistuli. Herufi naziona, sura yake naiona, saa ya ukutani naiona vizuri kabisa, rangi tu ndo imekimbia, na ni jicho moja. Kwa mtu ambaye anaishi kwa kulinganisha uzi na kitambaa nakwambia sijawahi kuogopa vile.

Shangazi yangu akasema hilo jicho limetazamwa, nimepata wateja wengi mwaka huo watu wamekereka. Akanipeleka kwa mwalimu, nikaandikiwa kombe, zile aya za Kurani zinazooshwa kwa maji, nikanywa. Kombe nilikunywa na sijutii, dua haimdhuru mtu, ila nilikaa wiki tatu nasubiri kombe peke yake lifanye kazi na hizo wiki tatu ndo nazijutia.

Nikaenda kwenye kliniki ya macho. Ya kwanza wakanipima presha ya macho, sawa, wakaangalia mtoto wa jicho, hakuna, nikasoma herufi za ukutani mpaka mstari wa karibu na mwisho, wakaniandikia miwani nyingine. Mi nikamwambia yule mhudumu kuhusu rangi, akasema hiyo ni uchovu, pumzisha macho. Haya.

Ya pili ndo nikakutana na dokta mmoja kijana, mdogo wangu kabisa kwa umri, ananiita dada. Huyu hakuanza na herufi. Alitoa kile kitabu cha vidoto vya rangi vyenye namba ndani, kile cha Mjapani Ishihara, kipo toka 1917 mpaka leo kinafanya kazi. Jicho la kulia namba zote nikasoma. La kushoto nikawa naona vidoto tu, kama mchele umemwagika. Akachukua tochi akawa anaihamisha jicho hili, jicho lile, hili, lile, polepole, akasema mboni ya kushoto badala ya kusinyaa mwanga ukija inatanuka. Halafu akafanya kitu cha ajabu, akaja kusimama nyuma yangu, akaniambia niegemee, akaniangalia kutokea juu ya utosi, kama mtu anayekagua kama mabega ya koti yamekaa sawa. Akasema jicho la kushoto limetoka mbele kuliko mwenzie. Akaomba nimuonyeshe picha zangu za zamani kwenye simu, nikafungua, harusi ya mdogo wangu, Idi, sare za kikundi, na mwenyewe nikaliona, mwaka baada ya mwaka jicho linasogea nje na chini kidogo, na mimi nilikuwa nadhani ni kamera ya selfi.

Ndo akaniuliza, "Dada, kwani unapumua kwa pua?"

Nimekuja kutibiwa jicho naulizwa pua. Nikamwambia dokta mi pua sina toka utotoni. Hakucheka.

Akanichorea nyuma ya fomu ya kipimo, na huo mchoro ninao mpaka leo. Ndani ya fuvu usoni kuna vyumba vitupu vya hewa, ndo hizo sainasi, jozi nne. Vya kwenye paji la uso, vya mashavuni, vidogo vidogo vilivyosongamana katikati ya macho, na vya nyuma kabisa ndani huko karibu na katikati ya kichwa. Vyote vinatoa maji yake puani kupitia vitundu vidogo sana. Sasa kati ya vile vya katikati na jicho kuna ukuta wa mfupa ambao haufiki hata nusu milimita, kwa Kilatini wameupa jina la karatasi kabisa. Mi nikamwambia dokta hiyo sio karatasi hiyo ni bitana ya shifoni, akasema sawa dada, bitana. Na kile chumba cha nyuma, ubavuni mwake ndo unapita mshipa wa fahamu wa jicho, uzi mmoja ambao ndani yake una nyuzi zaidi ya milioni moja, unabeba kila unachokiona kwenda kwenye ubongo. Watu wengine wamezaliwa mfupa unaoufunika pale haupo kabisa, kuna ngozi laini tu ya ndani.

Kwaiyo chumba kikijaa na hakitoki, kitasukuma wapi? Kinasukuma ukuta mwembamba. Jicho linatoka nje, misuli yake inavutika, unaona mbili mbili. Na ule mshipa ukibanwa rangi zinaanza kufifia wakati herufi bado unazisoma, na nyekundu mara nyingi ndo ya kwanza kulalamika. Ndo maana miwani zote mbili nilizopewa zilikuwa sahihi kwa herufi na hazikunisaidia kitu.

Wakanipiga CT skani, zile picha za eksirei zinazoonyesha kichwa kipande kwa kipande. Upande wa kulia vyumba vyeusi, yaani vina hewa kama inavyotakiwa. Upande wa kushoto vimejaa kijivu, na katikati ya kijivu kuna mabaka meupe kama mtu kamwaga unga, na ule ukuta wa bitana umepinda umeingia upande wa jicho kama tumbo la mama mjamzito. Dokta wa pua akauangalia akasema fangasi.

Fangasi! Mi nikajua fangasi za miguu. Nikauliza nimezitoa wapi, kwenye vitambaa? Akasema vijimbegu vyake viko kila mahali, kwenye mkate ulioota ukungu, kwenye kuta wakati wa masika, kwenye udongo, kila mtu anavivuta kila siku, wewe unayesoma hapa umevivuta leo. Kwa watu wengi pua inavifagia nje basi. Kwangu mimi fangasi wenyewe hawakuwa wanakula nyama wala mfupa, wamekaa tu kwenye kamasi, ila mwili wangu ndo mgomvi, una aleji nao, kila wakikaa unatuma jeshi, unatoa kamasi zito, uvimbe, zile nyama za puani zinaota, zinaziba kitundu cha kutokea, kamasi linazidi kujaa, fangasi wanapata pa kuishi raha mustarehe, mwili unazidi kukasirika. Miaka. Wanasema inawapata sana vijana na watu wa makamo wanaoishi sehemu za joto na unyevu, na Tanga mnaijua, nguo inaota ukungu kabatini.

Hapo nikaelewa kwanini amoksilini haikunisaidia chochote, ile inaua bakteria, fangasi inamkuta amelala inampita. Na nyungu nayo ilikuwa inafungua sebuleni wakati mgogoro uko chumba cha uani.

Nikapewa rufaa kwenda Dar. Sitasema hospitali gani, sio kwa ubaya, walinihudumia vizuri, sitaki tu watu wafike pale mlangoni wananitaja. Kule wakaongeza MRI, picha ya mashine ya sumaku, ili waone ule mshipa wenyewe. Na hapa kuna kitu kilinishangaza mpaka leo. Mwanafunzi mmoja wa udaktari aliangalia picha ya MRI akasema mbona chumba hiki cha nyuma ni cheusi, kiko kitupu, kina hewa. Mkuu wake akamwambia weka na CT pembeni yake. Kwenye CT kimejaa! Akaeleza kwamba uchafu wa fangasi umekauka sana na una madini ndani, chuma na mengine, kwenye MRI unaweza kutokea mweusi kabisa kama hewa, mtu akaruhusiwa kwenda nyumbani na kichwa kimejaa. Yule mwanafunzi akaandika kwenye daftari, na mi nikaandika kwenye akili.

Kabla ya upasuaji nikapewa prednisoloni wiki nzima, ndo hizi dawa za steroidi, za kushusha uvimbe na kutuliza lile jeshi. Jamani, siku ya nne nikasikia harufu. Ilikuwa sabuni ya kufulia ya kwenye shuka za wodi. Nililia kwa harufu ya sabuni, muuguzi akaja mbio akidhani nina maumivu. Raha ya hizo dawa ina gharama lakini, usingizi hamna, njaa kama nimetoka kufunga miezi miwili, na sukari walikuwa wananipima kila siku kabla hawajanipa.

Nilikuwa sielewi kwanini wanang'ang'ania sukari mpaka akaletwa bibi mmoja kitanda cha jirani.

Huyu bibi ni mgonjwa wa kisukari wa miaka, sukari ilipanda sana siku za karibuni, akaanza kuumwa shavu. Siku tano tu. Sio miaka na miaka kama mimi, siku tano. Shavu limekufa ganzi, kope imeshuka, jicho limesimama halizunguki, na dokta alipomwambia bibi fungua mdomo, kwenye kaakaa kulikuwa na doa jeusi kama mtu kabonyeza mkaa. Niliona sura za madaktari zikibadilika. Alipelekwa chumba cha upasuaji usiku ule ule.

Hiyo nayo ni fangasi ya sainasi lakini ni mnyama mwingine kabisa. Hao ni ukungu wa ukoo wa ule unaoota kwenye mkate, na kwa mtu mzima mwenye afya hawafanyi kitu, ila wakimkuta mtu ambaye kinga imelala au sukari imepanda na damu imekuwa na tindikali, kwao hiyo ni karamu. Wanaingia kwenye mishipa ya damu, wanaiziba, nyama inakosa damu inakufa. Ule weusi sio rangi ya fangasi, ni nyama iliyokufa. Na kutoka pale wanavuka ile bitana kuingia kwenye jicho kwa siku chache, wakati mwingine saa, na nyuma ya jicho kuna ubongo. Jicho linaweza kuzima kabisa kwa sababu mshipa unaolilisha damu umezibwa. Dawa yake ni kukata nyama zote zilizokufa haraka na kuchoma amfoterisini kwa dripu, dawa kali inayosumbua figo, ile ile wanayopewa wagonjwa wa Ukimwi wakipata homa ya uti wa mgongo ya fangasi.

Mnakumbuka India 2021? Wimbi la pili la korona, picha za watu wamefungwa bandeji jicho moja. Ndo ugonjwa huo. Mpaka Julai mwaka ule serikali yao ilishahesabu wagonjwa zaidi ya 45,000 na waliokufa zaidi ya 4,300, amfoterisini ikaadimika ndugu wanaitafuta mtandaoni kama wanatafuta maji jangwani. Na moja ya sababu zilizotajwa sana ni zile zile steroidi, watu wenye sukari walipewa nyingi au walijinunulia wenyewe kwa ajili ya mapafu, sukari ikapaa, kinga ikashuka, ukungu ukaingia.

Hili ndo lilinikosesha usingizi kuliko vidonge vyenyewe. Kidonge kile kile kilichonirudishia harufu ya sabuni mimi, kingempa yule bibi kaburi. Aina yangu na aina yake zote zinaitwa fangasi ya sainasi, zote zinaanzia puani, zote zinakwenda kwenye jicho, na dawa ya mmoja ni sumu ya mwenzie. Ndo maana mtu akiniandikia "dada nitajie dawa uliyotumia na mimi nina mafua" simjibu, mtanisamehe, sio kiburi.

Na kuna ya tatu, katikati, inayokwenda polepole lakini inatafuna. Mkuu wa wodi alitusimulia kwamba Sudani wameiona sana toka miaka ya 1960, mtu mzima tu hana ukimwi hana sukari, kinaota kivimbe kigumu kwenye sainasi, miezi inapita, anakuja hospitali analalamika jicho limetoka. Hiyo lazima wakate kipande wapime ndo wajue, kwa macho inafanana na kansa.

Upasuaji wangu ulikuwa wa kamera kupitia matundu ya pua, hakuna kovu usoni, hilo nalisema maana shangazi alishaandaa kilio kwamba nitachanwa uso. Nusu kaputi, nikaamka pua imejazwa pamba, koo limekauka. Mkuu alinionyesha walichotoa, kipo kwenye kichupa. Niwaeleze vipi. Chukua siagi ya karanga iliyokaa kopo wazi wiki mbili, changanya na grisi ya cherehani chakavu, rangi ya kahawia inayoelekea kijani. Vijiko na vijiko. Hicho ndo kilikuwa kimekaa sentimita chache kutoka kwenye ubongo wangu na mi nashona sare. Walipokipima kwenye hadubini walikuta nyuzinyuzi za fangasi, na vifuwele vyenye ncha zilizochongoka pande mbili kama sindano, vinatokana na yale majeshi ya mwili yaliyokufa vitani. Wanaviita fuwele za Charcot na Leyden, Mfaransa na Mjerumani walioviona karne ya kumi na tisa. Sindano, nikasema, hata ndani ya kichwa sindano zinanifuata.

Kwenye pochi nilikuwa na kipande cha ile kisutu. Yule mama mteja, Mungu ambariki, aliposikia ninaumwa kweli alikuja mwenyewe nyumbani kuomba radhi kwa kununa, nikamwomba kipande cha pindo nilichopunguza. Siku ya tatu baada ya upasuaji macho yameacha kuvimba nikakitoa, nikafumba la kulia. Haikuwa nyekundu. Haikuwa tofali pia. Ilikuwa kama nyanya ambayo haijaiva vizuri. Wiki ya pili ikaiva kidogo. Mwezi wa tatu ikafika pale ilipo sasa, nyekundu, lakini ukiweka macho mawili yashindane la kushoto linashindwa kwa kijistari. Dokta alisema mshipa ukibanwa muda mrefu kuna nyuzi zinakufa na hazioti tena, na nikahesabu wiki tatu za kombe, mwezi wa miwani ya kwanza, mwezi wa miwani ya pili. Kuona mbili mbili kuliisha kama wiki sita hivi, jicho likarudi ndani taratibu. Binti yangu akanikabidhi rasmi kazi ya kutunga uzi.

Bibi wa kitanda cha jirani walimtoa jicho ili abaki yeye. Alikuwa ananiita mwenzangu wa pua. Kila nikitoka kuoga ananiuliza "mwenzangu wa pua, limerudi nyumbani hilo jicho?" nami nasema linarudi bibi, anasema alhamdulillah, litumie kuniangalizia na mimi. Alitoka hai, wanawe walikuja kumchukua.

Sasa hivi nasukutua pua na maji chumvi asubuhi na usiku. Watu wananiuliza, basi hivi: nusu lita ya maji, kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa, na maji LAZIMA yawe yamechemka yakapoa, sio ya bombani yalivyo, kuna vijidudu vya majini ukivinywa havina shida ila ukivipandisha puani vinaweza kwenda kwenye ubongo. Napuliza na dawa ya steroidi ya puani niliyoandikiwa, hiyo ni ya kiasi kidogo sio kama vidonge. Na naenda kupigwa kamera kila baada ya miezi mitatu kwa sababu huu ugonjwa una tabia ya kurudi, na kweli mwezi wa nane ikaonekana nyama moja imeanza kuchungulia, wakaiwahi kabla haijafanya mji.

Mkiniuliza lini mtu akimbie hospitali nitawaambia ya kwangu na ya bibi. Jicho linasogea, unaona mbili mbili, rangi zimefifia upande mmoja, na pua yako ina historia, usiende kwa mtu wa miwani peke yake, sema na ya pua hata kama hujaulizwa. Na kama una sukari, au uko kwenye dawa za kansa, au umepandikizwa figo, halafu shavu likafa ganzi au jicho likauma na kuvimba na mafua yana damu au weusi, usilale nayo. Usisubiri asubuhi. Panda bodaboda.

Kile kipande cha kisutu nimekipigilia ukutani pembeni ya cherehani, kila nikifika kazini kabla sijakaa nafumba jicho hili naangalia, nafumba lile naangalia. Juzi kaja mteja mgeni na mumewe kupimwa nguo za sare, mume kasimama pale pale ukutani kwenye kisutu, mi sina habari naye niko na kipimo changu, nafumba, nafumbua, nafumba. Mke akaniuliza kwa upole kabisa, "Fundi, huyo unamkonyeza ni wangu, unalijua hilo?" Nikaeleza weee mpaka nikaonyesha na picha za CT kwenye simu. Ukosi wa gauni nimemshonea bure.